Nani Anaulizwa, Anaulizwa Nini: Maoni ya Wananchi na Ghorofa za Zege za Baada ya Vita Kuu ya Pili

Walimu wangu, wanafunzi na ndugu wote mliofika, shikamooni na karibuni.

Ubishi wa kubomoa au kutunza Robin Hood Gardens, mashariki mwa London, ulipamba moto mwaka 2008. Yalikuwa majengo mawili ya zege yaliyosanifiwa na Alison na Peter Smithson, yakakamilika mwaka 1972: flati 213, jengo moja la ghorofa kumi na jingine saba, katikati yake kilima cha majani. Halmashauri ilisema zaidi ya robo tatu ya wakazi wanataka yabomolewe. Mkazi mmoja akafanya dodoso lake mwenyewe, na takriban asilimia 80 wakataka yakarabatiwe. Wakazi ni walewale.

Hapo msikimbilie kusema kuna aliyedanganya. Mama ambaye chumba cha wanawe kina kuvu ukutani, ukimuuliza kama anataka nyumba mpya, atakubali. Ukimuuliza kama anataka hiihii irekebishwe, abaki na majirani zake kwa kodi ileile, atakubali pia. Majibu yote mawili ni ya kweli, na hakuna hata moja linalohusu usanifu.

Sasa tutazame sheria ya Uingereza ya mwaka 1990. Waziri huliingiza jengo kwenye orodha ya urithi akiridhika kuwa lina thamani ya pekee ya usanifu au historia, baada ya kushauriwa na taasisi ya urithi, ambayo leo ni Historic England. Kwa kawaida jengo liwe limefikisha miaka 30. Chini ya hapo liwe la ubora wa kipekee. Ubovu wake, gharama ya kulitengeneza na kupendwa kwake na watu havipimwi katika hatua hiyo. Hupimwa baadaye, mwenye jengo anapoomba kibali cha kulibadilisha au kulibomoa. Wananchi wengi hawaambiwi hivyo. Wanaandika barua kulalamikia lifti na mikojo kwenye ngazi, kisha wanaona wamepuuzwa. Wana haki ya kukasirika, kwa sababu waliombwa maoni bila kuelezwa yatatumika wapi.

Robin Hood Gardens ilikataliwa kuorodheshwa, na mwaka 2009 ikatolewa hati ya kuzuia isiorodheshwe kwa miaka mitano. Jengo la kwanza lilianza kubomolewa mwaka 2017. Jumba la makumbusho la V&A likachukua kipande chake cha ghorofa tatu, likakionyesha Venice mwaka 2018.

Park Hill ya Sheffield ilikwenda njia nyingine. Ilijengwa kati ya 1957 na 1961, karibu flati elfu moja, juu ya mteremko. Paa lake limenyooka usawa mmoja, hivyo upande mmoja ghorofa ni nne na upande wa pili zinafika kumi na tatu. Baraza zake ni pana kiasi cha kupitisha kigari cha muuza maziwa. Iliorodheshwa mwaka 1998 kwa Daraja la II*, la pili kutoka juu, na wengi mjini walinung'unika kwamba serikali inalinda uchafu. Lakini katika ukarabati wa awamu ya kwanza, kibali kiliruhusu kuta za matofali kati ya nguzo zitolewe na kuwekwa madirisha makubwa na paneli za alumini za rangi. Kilichobaki ni fremu ya zege. Kwa hiyo anayesema jengo likiorodheshwa haliguswi hata msumari, anakosea. Linaguswa, kwa kibali. Kuligusa bila kibali ni kosa la jinai.

Nataka nikae kidogo kwenye zege, maana hapo ndipo chuki nyingi huanzia. Hewa ukaa hupenya zege polepole na kuliondolea ualkali unaokinga nondo, yaani vyuma vilivyo ndani yake. Fundi wa miaka ya sitini akiwa ameweka nondo milimita kumi tu kutoka usoni, kutu huifikia mapema. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, na zege linapasuka na kudondoka vipande. Kupima si kazi ngumu. Unavunja kidogo, unapulizia kemikali iitwayo fenoftaleini: penye ualkali panageuka waridi, palipoharibika panabaki bila rangi. Kurekebisha ndiko kunakoharibiwa. Unatakiwa ukate hadi nyuma ya nondo, usafishe kutu yote, kisha ujaze kwa mchanganyiko uliojaribiwa kwanza kwenye sampuli, wenye kokoto na mchanga wa rangi ileile. Wengi hupaka plasta ya kijivu juu ya kutu. Baada ya miaka michache inabanduka, na jengo zima limejaa viraka. Halafu mtu anaulizwa kama jengo lake ni zuri!

Kuvu nayo ina sababu. Sakafu ya zege ikitokeza moja kwa moja hadi nje, hupitisha baridi, na mvuke wa jikoni unageuka matone ya maji kwenye pembe ya dari. Ukibadilisha madirisha yanayovuja upepo kwa ya plastiki yanayobana, bila matundu ya hewa, hali inazidi.

Kuna hofu nyingine, na hiyo naiona nzito kuliko zote. Orodha inalinda kuta, mpangaji hailindi. Keeling House, ghorofa nyingine ya zege ya London, iliokolewa isibomolewe, ikauzwa, ikawa flati za watu binafsi. Balfron Tower, ya London vilevile, nayo wapangaji wa halmashauri walihamishwa. Walionunua flati zao hulipa sehemu ya gharama za ukarabati, na bili moja inaweza kummaliza mstaafu.

Kwa hiyo anayekusanya maoni atenganishe maswali. Kwanza aeleze sheria. Kisha aulize thamani ya jengo peke yake, ubovu peke yake, na haki ya kubaki peke yake; kila chaguo liwe na gharama na muda wake. Wapangaji, walionunua na wapita njia wahesabiwe mbalimbali.

Kwetu mfano upo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia urithi wa dunia mwaka 2000. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yako ng'ambo ya mpaka huo, na watu wanaishi humo hadi leo. Wakiulizwa kesho, waanze kuulizwa wakiwa wameshika ripoti ya nondo na ya mabomba ya maji.