Bajeti ya Mafunzo Isiyomsahau Kijana

Ndugu viongozi wa asasi na walimu wa vyuo, asanteni kwa kunikaribisha. Nitaanza na bajeti, maana huko ndiko miradi yetu inakofia.

Maandiko ya kuomba ruzuku ya mafunzo ya vijana yanafanana sana. Kuna ukumbi, kuna posho za wakufunzi, kuna vyeti na hafla ya kufunga. Mfadhili akisema punguzeni, inaondoka nauli ya washiriki, kinafuata chakula cha mchana, halafu vitendea kazi. Ukumbi haukatwi. Hata tisheti hazikatwi! Naona mnacheka, lakini mnajua ni kweli.

Sasa huyo kijana tunayemwita wa mazingira magumu, ugumu wake uko wapi? Tumezoea kujibu kwamba hana ujuzi. Haya. Ila binti wa miaka 20 mwenye mtoto mchanga haachi kozi wiki ya tatu kwa kushindwa na cherehani. Anaacha kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto.

Wenzetu wa Liberia waliliona hili. Mwaka 2010 walianza mradi uitwao EPAG kwa ajili ya wasichana na wanawake vijana, ukiendeshwa na serikali yao pamoja na Benki ya Dunia, na Nike Foundation ikiwa miongoni mwa wafadhili. Miezi sita darasani, kisha miezi sita ya kushikwa mkono kutafuta kazi au kuanzisha biashara. Vituo vilikuwa na huduma ya kulea watoto bure. Kikubwa zaidi kwangu ni malipo ya watoa mafunzo: sehemu ya fedha yao ilizuiwa mpaka wahitimu waonekane kazini au kwenye biashara. Jiwekeni ninyi hapo. Ukijua malipo yako yanasubiri mhitimu apate riziki, utafundisha ususi kwenye mtaa uliojaa saluni? Utazunguka kwanza sokoni uulize watu wanatafuta nini.

Tathmini ilionyesha ajira ilipanda kwa asilimia 47 na kipato kwa asilimia 80, wakilinganishwa na wasichana waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Nisiwafiche, waliofanikiwa zaidi ni waliosomea biashara. Kwa waliosomea kuajiriwa, mafanikio yalikuwa madogo, kwani waajiri wenyewe walikuwa wachache.

Uganda kuna mambo mawili. La kwanza nitalipitia haraka. Kaskazini mwa nchi hiyo, mwaka 2008, vikundi vya vijana vilipewa fedha taslimu, wastani wa dola 382 kwa mwanakikundi, wakachagua wenyewe ufundi na wa kuwafundisha. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa, wale ambao hawakupewa walikuwa wamewafikia. Wapo wanaosema basi fedha ilipotea. Mimi sikubali, miaka ambayo familia imekula vizuri haifutiki.

La pili linawahusu ninyi moja kwa moja. Watafiti wakishirikiana na BRAC, shirika lisilo la kiserikali lenye asili ya Bangladesh, walilinganisha vijana waliosoma chuoni na waliofunzwa ndani ya karakana na biashara ndogo. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya kipato. Tofauti ilijitokeza kazi ilipopotea: wa chuoni, mwenye cheti cha kuonyesha, alipata nyingine upesi zaidi, na yule wa karakana faida yake ikapungua kadiri miaka ilivyokwenda, kwa sababu aliyejua uwezo wake ni bosi wake wa zamani tu.

Hapa Tanzania seremala wa Keko, Dar es Salaam, aliyefunzwa na kaka yake yuko katika hali hiyohiyo. VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima fundi wa namna hii na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka miwili. Kwa hiyo si kila kijana anahitaji kozi mpya tuliyobuni sisi. Wengine wanahitaji kulipiwa upimaji na nauli ya kufika kwenye kituo, na gharama hizo ziingie kwenye maandiko mnayopeleka kwa wafadhili safari hii. Karibuni maswali.