Silikanti hajaja leo: mazungumzo ya jioni, Tanga

Shikamooni wazee wangu, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Hiyo maiki inasikika huko nyuma? Haya. Watu wakitaka kututania sisi wa Tanga wanasema waja leo waondoka leo, sa mi leo nawaletea habari za mkaazi mmoja wa hapa ambaye hajaja leo wala hajaondoka, ukoo wake una miaka kama milioni 400 duniani na yupo hapo nje, ukitoka Kigombe na mashua hufiki mbali ushampita juu ya kichwa. Silikanti, samaki huyo.

Kwanza nianze na ule mkasa wa Afrika Kusini maana mimi naupenda. Wataalamu walikuwa wanamjua kwenye mawe tu, yale masalia, na mawe yenyewe yanakatika miaka milioni 66 nyuma, wakati uleule wa dinosaria, basi wakaandika kwenye vitabu kwamba huyu kaisha. Tarehe 22 Desemba 1938 kuna meli ya uvuvi ikarudi bandari ya East London (ni mji wa Afrika Kusini huo, msichanganye na wa Uingereza) nahodha akampigia simu binti aliyekuwa anaangalia makumbusho ya pale, Marjorie Courtenay-Latimer, njoo uangalie samaki. Binti anapekua lile fungu anaona pezi la buluu. Samaki mita moja na nusu, kilo 57! Dereva teksi akagoma samaki anayenuka asipande gari yake, wakavutana weee mpaka akakubali. Akampeleka mochwari, wakamkataa. Joto la Desemba kule ndo kiangazi chao, matumbo ikabidi yatupwe, akabaki ngozi na kichwa, na mtaalamu aliyeandikiwa barua, J.L.B. Smith, alikuja kufika mwezi wa pili mwaka 1939. Alimtambua palepale. Jina la kisayansi wakampa Latimeria, la yule binti, na hapo sina ubishi, ni haki yake.

Alafu Smith akamtafuta wa pili miaka 14. Alichapisha makaratasi yenye picha ya samaki na zawadi ya pauni 100, akayasambaza pwani yote hii ya Afrika mashariki kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mmesikia hizo lugha? Kiswahili hakimo! Mvuvi wa pwani nzima anatafutiwa samaki wake kwa lugha asiyoisoma. Matokeo yake Desemba 1952 akapatikana Anjouan, Komoro, kavuliwa na Ahamadi Abdallah kwa mshipi, na aliyeshtuka ni mwalimu aliyemwona sokoni akakumbuka ile picha. Smith akaomba ndege ya jeshi kwa waziri mkuu akaja kumchukua. Na Wakomoro wakashangaa kinachowashangaza wenzao ni nini, maana wao wanamwita gombessa tangu zamani, wakimpata wanamjua, na wala si kitoweo cha kugombania.

Sa kwetu. Tanzania alianza kuandikwa mwaka 2003, kisha Tanga hapa wakaanza kutoka makumi. Sio kwamba walihamia, ni jarife. Mvuvi hapa anajua, jarife ni wavu wa macho makubwa wa kutegea papa, na zilivyoanza kutegwa kwenye kina kirefu, mita 50 mpaka 150, usiku, kwenye ule mteremko wa mawe, ndo zikapita mlangoni kwa silikanti. Maana yeye mchana amelala mapangoni, usiku anatoka kutafuta riziki. Wajapani wakapima damu yao, kwa maana ya vinasaba, wakatoa majibu 2011 kwamba hawa wa Tanga ni jamii ya peke yao, hawajachanganyika na wa Komoro kwa zaidi ya miaka 200,000. Kwa hiyo ni Watanga haswa.

Mwili wake ni vituko. Pezi lina kama kikonyo, nyama na mifupa ndani, na anayapeleka kwa kupishana, la mbele kushoto na la nyuma kulia, ule mwendo wa mjusi kafiri ukutani, ila hatembei chini, anaogelea tu. Uti wa mgongo hana wa pingili kama wetu, ana mrija wenye mafuta. Na ubongo, jamani msicheke, haujazi hata asilimia 2 ya fuvu, palipobaki ni mafuta. Sa kwa hayo mapezi yenye nyama na mifupa kuna wanaosema huyu ndo babu yetu sisi wa nchi kavu, mimi sipendi, babu wa nani? Walipomsoma vinasaba vyote mwaka 2013 ikaonekana samaki aliye karibu zaidi na sisi wa nchi kavu ni kamongo, yule wa kule Ziwa Victoria. Watu wa Mwanza watembee kifua mbele.

Umri sasa. Zamani walihesabu miviringo ya magamba wakasema anaishi miaka 20 hivi, mwaka 2021 Wafaransa wakatumia mwanga wa aina nyingine wakaona kuna miviringo myembamba iliyokuwa haionekani, hesabu ikapanda, karibu miaka 100. Jike anaanza kuzaa akikaribia 60, mimba inakadiriwa miaka 5, na anazaa watoto hai, sio mayai. Sa piga hesabu wewe mwenyewe, wavu ukichukua jike mmoja mkubwa umechukua nini. Ndo hifadhi ikawekwa 2009, toka karibu na mto Pangani mpaka Mafuriko, na najua hapa kuna wavuvi wana la kusema kuhusu hiyo hifadhi, tutafika.

Kuna kijana pale nyuma kanyoosha mkono toka mwanzo. Enhee. Anauliza analiwa? Analiwa, ila nyama yake imejaa mafuta ya aina ya nta ambayo tumbo la binadamu haliyawezi, utakula saa mbili usiku na saa nane utakuwa bado uko chooni.