Kuchagua mtoto wa paka wa Siam na kumleta nyumbani, hapa Lubumbashi

Jambo yenu wote. Huyu aliyelala mapajani mwangu anaitwa Makala. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu ya masikio, pua, nyayo na mkia wake: vyote vyeusi kama aliyepita ndani ya gunia la makala, yaani makaa. Lakini alizaliwa mweupe mwili mzima. Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaotafuta paka wa Siam huchagua kwa rangi, na rangi ndiyo ya mwisho kuangalia.

Mwili wa paka huyu hutengeneza weusi pale tu ngozi inapokuwa na ubaridi kidogo. Tumboni mwa mama kuna joto kila upande, ndiyo maana wote huzaliwa weupe. Baadaye ncha za mwili, zinazopoa upesi, huanza kukolea pole pole. Kwa wengine huwa za kahawia au za kijivu. Kwa hiyo msikubali kulipa zaidi eti huyu amekolea kuliko ndugu zake. Angalieni macho. Paka wote wana macho ya buluu wakiwa wachanga sana, lakini Siam hubaki nayo maisha yake yote. Akifika miezi mitatu macho yakageuka kijani au manjano, huyo ni mchanganyiko. Anaweza kuwa paka mzuri sana, ila msimlipie bei ya Siam.

Hatua ya kwanza: nendeni mahali alipozaliwa, mkamwone mama yake. Msinunue kutoka kwenye boksi kando ya barabara. Mama akiwa mpole, anakubali kuguswa, watoto wake mara nyingi wamezoea watu. Ulizeni ni nani aliyekuwa akiwashika tangu wiki ya pili mpaka ya saba, kwa sababu siku hizo ndizo zinazomfundisha paka kama mwanadamu ni rafiki au adui.

Na umri. Subirini wiki 12. Paka wetu wa kwanza tulimchukua akiwa na wiki tano, muuzaji akatuambia anakula kila kitu. Hakuwa anakula. Aliharisha siku tatu, akafa usiku watoto wakiwa wamelala. Asubuhi yake sikujua niwaambie nini. Nawaomba, mtu akiwasukuma mmchukue mapema, rudini nyumbani mikono mitupu.

Hatua ya pili: kaeni chini, sakafuni kabisa, mnyamaze. Tupeni kipande cha karatasi kilichokunjwa. Yule anayekuja mwenyewe, ananusa vidole, analia kama anayeuliza swali, huyo ndiye wa nyumba yenye watoto. Kisha mshikeni. Tazameni hapa ninavyofanya: macho makavu bila usaha, fizi za waridi, ndani ya sikio kusiwe na uchafu mweusi kama unga wa kahawa, hao ni utitiri, chini ya mkia pasafi. Tumbo kubwa juu ya mbavu nyembamba ni minyoo. Macho yakiwa na kengeza kidogo, au mkia una kona kwenye ncha, msiogope. Ni mambo ya ukoo huu tangu zamani.

Kabla hamjamleta, semeni ukweli kuhusu nyumba yenu. Siam havumilii upweke. Kama wote mnatoka asubuhi na kurudi jioni, chukueni wawili, au muache kabisa. Atawafuata jikoni, chooni, kitandani, na ataongea siku nzima kwa sauti nzito.

Sauti hiyo inanileta kwenye jambo ambalo hapa kwetu halipaswi kupuuzwa. Usiku kilio chake hufanana na cha mtoto mchanga, na taa ikimmulika macho yale ya buluu hung'aa mekundu. Jirani asiyemjua anaweza kusema ni bulozi, yaani uchawi, na paka akauawa kwa hilo. Sisi tulimbeba mchana, mlango kwa mlango, tukaanza kwa nkambo, yaani mzee, wa jirani. Nilimweleza kwamba macho yanang'aa hivyo kwa kukosa rangi ndani yake, na kwamba kulia ni tabia ya ukoo wake. Nkambo akamshika. Tangu siku ile, Makala akipanda ukutani kwake, ananiita tu: "Mama, mtoto wako yuko huku."

Sasa siku ya kumleta. Tumieni kikapu chenye kifuniko au boksi lenye matundu, na ndani kitambaa kilicholaliwa na mama yake. Msimshike mkononi juu ya pikipiki. Pikipiki ikipiga honi moja tu atawaponyoka.

Mwanzoni mpeni chumba kimoja. Beseni la mchanga au vumbi la mbao liwe kona moja, chakula na maji kona nyingine. Mchanga ubadilishwe kila siku, na mama mjamzito asiushike, kwa sababu ya toksoplasma, kijidudu cha kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ikiwa ni Juni au Julai, baridi yetu ya usiku ni kali kwake: jazeni chupa maji ya uvuguvugu, mkaifunge kwa kitambaa, mkaiweke karibu naye. Msimfungie na mbabula, jiko la makaa, inayowaka. Moshi wake usioonekana unaua watu, sembuse paka wa kilo moja.

Chakula: wiki ya kwanza endeleeni na alichozoea, mkibadilisha kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Bukari, yaani ugali, pekee haimtoshi, anahitaji nyama. Kuku aliyechemshwa, yai, au kapenta (dagaa) iliyolowekwa ikatoka chumvi kisha ikachemshwa. Mchuzi wenye kitunguu hapana, kitunguu kinaharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Akiwa na homa msimpe parasetamoli hata robo kidonge, inaua paka. Sumu ya panya itoke nyumbani kabla hajaingia.

Watoto wafundisheni kumbeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Akienda kujificha, aachwe.

Ndani ya siku chache mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, kwa hiyo mjini kuna waliosomea kazi hiyo. Ulizeni kama chanjo ya kwanza, ya wiki nane au tisa, alishapata; ya pili hufuata baada ya wiki tatu au nne, na ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki 12. Dawa ya minyoo pia. Akifika miezi mitano hivi mzungumzie upasuaji wa kumfunga uzazi, msichelewe, maana jike la Siam huwahi kuita dume, na litawakesha mtaa mzima.

Tazameni tumbo la Makala, hapa. Daktari alinyoa manyoya kwa ajili ya upasuaji, ngozi ikapoa, na manyoya yakarudi meusi. Watoto walidhani amechafuka, wakataka kumuogesha. Akibadilisha manyoya, weupe utarudi.