Loji ya Mlimani Isifungwe Masika

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu wote mliofika jioni hii, asanteni kwa kuja na mvua yote hii.

Nianze na kalenda. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume. Tarehe 26 ni Muungano. Mei Mosi inafuata nyuma yake, na Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Hizo ndizo sikukuu ambazo mtu wa Dar es Salaam, akipata Ijumaa au Jumatatu ya kuunganisha, hufunga begi akatafuta ubaridi. Na miezi hiyo hiyo, Machi hadi Mei, ndiyo masika. Kwa hiyo sisi tunaopokea wageni milimani tunawapokea huku mabati yanapigwa na mvua. Wenzangu wengi wana jibu moja: funga loji mwezi wa nne, fungua mwezi wa sita. Mimi napinga, na ndicho kilichonileta hapa.

Nitasema habari za Uluguru, ile milima ya Morogoro, kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, na ndiko maji yenu yanakotoka. Mto Ruvu unaanzia kule juu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolinywesha jiji hili kwa sehemu kubwa. Tangu Juni 2024 treni ya SGR imeisogeza Morogoro. Mtu anatoka kazini Ijumaa, jioni ile ile yuko chini ya mlima. Anachokutana nacho huko ndicho asichokitarajia. Upepo wa bahari ukifika Uluguru unagonga milima inayovuka mita 2,600, unapanda, unapoa, unaangusha maji. Upande wa mashariki, kule Matombo na Kinole, hunyeshewa zaidi kuliko upande wa magharibi, kule Mgeta. Na kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa nyuzi kama sita. Mgeni amezoea feni usiku kucha. Huku anaomba blanketi la pili kabla ya saa tatu.

Sasa, nyumba iliyofungwa miezi miwili kwenye hali hiyo inakuwaje? Hewa haizunguki. Magodoro yanashika ukungu, milango inavimba, panya wanahamia stoo. Tone dogo lililoanza Aprili linakuja kuonekana Juni, na wakati huo limeshaozesha ubao wa kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, na kuiangusha silingi bodi. Nyumba yenye watu inafunguliwa madirisha, inawashwa moto, inafagiliwa, inalalamikiwa. Hilo la kulalamikiwa ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Kila asubuhi kwenye chai naulizia chumba kwa chumba. Umesikia tone? Mlango umegoma? Maji ya moto yamefika? Choo kimevuta vizuri? Mgeni aliyelala chumba cha pembeni anajua jambo ambalo fundi hawezi kulijua Agosti jua likiwaka. Mwanzoni wageni huona haya, hasa wazee wetu, maana hatukulelewa kumsema mwenyeji mbele ya sahani yake. Inabidi uwaombe kwa upole, tena uwaambie kwamba wakinyamaza wanaiumiza nyumba.

Bati ndilo lenye mambo mengi, nipeni muda hapo. Mahali tone linapodondokea si mahali bati lilipotoboka. Maji huingia juu, hutambaa kwenye papi, yaani mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, hufuata kenchi, kisha huanguka pale yanapopata nafasi, pengine mita mbili kutoka kwenye tundu. Ukimpeleka fundi siku ya jua atapaka lami kwenye bati lililo juu ya kitanda kilicholowa, nawe utalipa mara mbili. Kwa hiyo mvua ikinyesha, panda darini na tochi, fuata unyevu kwenda juu mpaka uone unapoanzia, weka alama ya chaki kwenye ubao. Usipande juu ya bati likiwa limelowa. Hakuna tone lenye thamani ya mgongo wa mtu. Subiri asubuhi ya kiangazi kidogo, zipo hata Aprili, ndipo fundi apande akitembea kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna papi.

Mara nyingi utakuta kosa ni msumari. Kwenye bati la kawaida la migongo, msumari hupigwa juu ya mgongo, si kwenye bonde ambako maji yanapita, na uwe na mpira wake. Mpira ukikauka na kupasuka, toa msumari, weka mwingine. Baada ya hapo kagua kofia ya paa na pale bati linapolalia bati jingine. Kazi hiyo ya asubuhi moja ndiyo inayookoa paa zima.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ukarabati ni wa kiangazi. Kazi kubwa, ndiyo: kupaka rangi, kubadilisha kenchi, kupiga lipu, hizo ngojea Juni hadi Septemba zikauke vizuri. Lakini kugundua ni kazi ya masika. Mwenye loji aliyefunga Aprili anaingia Juni akiwa na pesa mkononi bila kujua aanze na chumba gani.

Kuhusu maji ya paa, hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000. Simtanki la kawaida limejaa kwa usiku mmoja. Mvua ya kwanza iache ipite, ioshe vumbi, majani na mavi ya ndege, ndipo ugeuze gata iingie kwenye tanki. Na gata isafishwe kila wiki. Majani ya mikaratusi huziba kwa haraka sana.

Maji yanayobaki yanakwenda wapi? Swali hili ni la haki kabla ya kuwa la ufundi. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, maji ya mlima yakatwe kabla hayajafika kwenye msingi, yaelekezwe kwenye korongo la asili lenye mawe au matete. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini. Nimeona loji nzuri, yenye maua na taa, ambayo mtaro wake unaishia kwenye shamba la ndizi la mama mmoja, na udongo wa shamba lile unashuka kila mvua kubwa. Linaniuma kila nikilikumbuka.

Waluguru wanaijua miteremko ile kuliko sisi tunaokwenda na ramani. Mwaka 1955 waliugomea mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha wachimbe matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi matuta yalipindua udongo, wenye rutuba ukafukiwa. Lakini Mgeta kuna ngazi za mboga ambazo watu wenyewe wanazitunza mpaka leo. Kabla hujachimba mtaro, muulize mzee wa pale maji yalipita wapi mvua ya mwaka jana. Kisha mlipe kwa muda wake, kama unavyomlipa fundi bati.

Kuna jambo la moto, na hili nalisema kwa sauti. Mgeni akisikia baridi ataomba jiko la mkaa chumbani. Jibu ni hapana, hata awe mkwe wako. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Mpe blanketi, mpe chupa ya maji ya moto ndani ya soksi, mkaribishe sebuleni kwenye moto wenye bomba la moshi lililosafishwa. Kuni za sebule zikatwe mapema na ziwekwe chini ya paa. Kuni mbichi zinajaza masizi bombani na machozi machoni.

Mchwa nao wana siku zao. Baada ya mvua nzuri kumbikumbi hutoka wakakimbilia taa, watoto wakafurahi, wengine wakakaanga. Wakati wanakaanga, wewe zunguka nyumba. Ukiona wametokea kwenye ufa wa ukuta au chini ya veranda, kundi linaishi humo humo, na nguzo zako ziko hatarini. Weka alama, mwite fundi wiki hiyo hiyo.

Wengine wananiuliza kama wageni washirikishwe kazi. Kwa hiari, naam. Vijana wa Dar wanapenda kupanda matete kwenye kingo za mtaro, na udongo uliolowa ndio unaopokea mche. Watoto wanasafisha gata ya chini ya jikoni wakisimamiwa. Lakini juu ya bati hapandi mgeni, na kazi ya kulipwa ya kijana wa kijijini isichukuliwe na mgeni anayejifurahisha. Nataka hilo lieleweke vizuri.

Na bei? Wikendi za masika mimi napunguza, na mgeni anaelezwa sababu kwenye simu kabla hajatuma hela. Namwambia mvua itakuwepo, njia ina tope, aje na viatu vya kufunga na sweta. Namwambia ukungu unaweza kuifunika Morogoro yote asione hata taa moja. Namwambia kuanzia saa tatu hadi saa sita asubuhi atasikia nyundo, mchana ni kimya, jioni kuna maharage ya nazi na chai ya tangawizi. Wapo wanaokata simu. Wanaokuja wanafika wakiwa tayari, na hao ndio wanaoniambia kwenye chai kwamba chumba namba tatu kinavuja karibu na dirisha.

Karibuni kwa maswali.