Mzigo Mmoja, Mahamali Wengi

Asanteni, kaeni. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na naona wawili pale mbele wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Mkinialika tena mwakani nitasema yale yale: hakuna kolesteroli nzuri, wala hakuna kolesteroli mbaya. Itoe kwenye LDL, hamali mnayemwita mbaya, itoe kwenye HDL, mnayemwita mzuri, mpe mkemia: hatakutofautishia. Mzigo ni mmoja, mahamali ndio mbalimbali.

Na mahamali wapo kwa sababu kolesteroli ni jamii ya mafuta, na damu ni maji. Haiwezi kusafiri peke yake. Mwili unaifungasha, mafuta ndani, protini na fosfolipidi nje, na kifurushi hicho ndicho lipoprotini. Aina zake ni kadhaa, na LDL na HDL ni mbili kati ya hizo.

Sasa swali langu la kila siku. Mtu ana LDL nyingi kwenye damu. Imetoka wapi? Mnajibu haraka: "Amekula mafuta!" Sawa, subirini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Dallas, Marekani, walikuwapo madaktari wawili vijana, Michael Brown na Joseph Goldstein. Waliosikia kisa hiki wanivumilie. Kilichowakosesha usingizi ni watoto. Wako watoto wachache sana wanaorithi kasoro ileile kwa baba na kwa mama, LDL yao inapanda mara sita na zaidi ya kawaida, na mshtuko wa moyo unaweza kuwapata wangali watoto. Mtoto wa miaka saba amekula mafuta kiasi gani, jamani?

Basi wakachukua vipande vya ngozi, vya wagonjwa na vya watu wenye afya, wakaotesha seli maabara. Seli ya kawaida ukiipa LDL huacha kujitengenezea kolesteroli. Imepata ya bure, ya nini kujichosha? Seli za wagonjwa zilipewa LDL zikaendelea kutengeneza kama hazijaona kitu. Ungedhani kiwanda kimeharibika. Hapo ndipo ninapowapendea watu hawa. Waliyeyusha kolesteroli katika alkoholi, ikapenya seli moja kwa moja bila hamali yeyote. Na kiwanda kikasimama! Seli zile hazikuwa na ukaidi wowote. Zilikuwa na njaa mlangoni pa ghala. Kilichokosekana ni kipokezi cha LDL, yaani mlango wenyewe. Mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo unapoona LDL nyingi, uliza pia habari za kuondoka, usiulize za kuingia tu. Mlango mkuu ni ini. Najua kuna mtu anataka kuniambia kwamba chakula nacho huongeza LDL. Huongeza, sikukataa! Lakini mafuta mengi yaliyoshiba, kama ya nyama na siagi, hupunguza vipokezi vya ini, kwa hiyo hata hapo umenirudisha mlangoni. Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, vilevile. Watu wanadhani inasugua mishipa kama bomba la maji machafu. Haisugui chochote. Inazuia ini kutengeneza kolesteroli, ini linaona upungufu, linaweka milango zaidi na kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Iko pia protini iitwayo PCSK9, kazi yake kupeleka milango hiyo ikavunjwe. Waliozaliwa nayo ikiwa mbovu wana LDL ndogo maisha yao yote, na maradhi ya moyo huwapata kwa nadra kuliko wengine.

LDL isiyopokelewa huzurura. Ikikaa siku nyingi hujipenyeza kwenye ukuta wa ateri, hunasa, hubadilika, na seli za kinga zinazoitwa makrofaji huimeza. Msiba ni kwamba seli ya kawaida ikishiba hupunguza milango, ila makrofaji hutumia mlango mwingine usiojua shibe. Humeza hadi zikajaa mafuta kama povu. Hiyo ndiyo akiba isiyotakiwa, na mwili hauna kimeng'enya cha kuivunja kolesteroli iishe. Njia kubwa ya kutokea ni ini, kisha nyongo, kisha utumbo, na hata huko asidi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kwa kolesteroli, karibu asilimia 95 hufyonzwa na kurudi.

"Na HDL je, si ndiyo nzuri?" Nilijua. HDL hupokea kolesteroli ya ziada kutoka kwenye seli, zikiwemo makrofaji hizo, na kuielekeza ini. Kazi ya kweli, naiheshimu. Lakini mkanichukulia namba ya kipimo cha HDL mkaifanya ndiyo kazi! Dawa ya torcetrapib ilipandisha HDL vizuri kabisa, na mwaka 2006 majaribio yakasimamishwa kwa sababu vifo viliongezeka kwa waliokuwa wakiitumia. Kuhesabu mahamali barabarani hakukuambii nani amebeba nini wala kama amefika.

Nimeoneshwa saa. Moja tu: lipoprotini(a), ambayo ni LDL iliyofungiwa protini ya ziada. Kiwango chake kwa sehemu kubwa ni cha kurithi, hakisikilizi sana chakula wala mazoezi, na kwa wengi kipimo kimoja maishani kinatosha. Muulizeni daktari wenu. Haya, maswali, na yule kijana aliyekuwa akitikisa kichwa muda wote aanze yeye.