Ukiogopa Kushuka, Nenda na Pura

Mhadhara uliotolewa kwa akina mama, vijana na wazee wa kanisa, Masasi

Bwana Yesu asifiwe!

Mliniomba nizungumze juu ya ujasiri wa Mkristo anapokutana na jambo lililomzidi nguvu. Nimechagua usiku mmoja tu katika maisha ya Gideoni, mwamuzi wa Israeli. Huwa tunaupita haraka, tunakimbilia tarumbeta na mitungi ya vita vyake.

Hesabu mnaijua. Gideoni alikuwa na watu 32,000, Mungu akasema ni wengi mno. Anayeogopa na arudi kwake, wakaondoka 22,000. Wale 10,000 waliobaki wakapelekwa majini, wakapimwa kwa namna walivyokunywa, wakasalia 300. Bondeni wamelala Wamidiani, Waamaleki na watu wa mashariki, wengi kama nzige, na ngamia wao hawana idadi. Sura ya 8 inatupa jumla ya jeshi lile: 120,000 walioanguka na 15,000 waliosalia. Gawanyeni wenyewe. Kila mtu wa Gideoni alikuwa na watu 450 mbele yake.

Usiku huo Mungu akamwambia, inuka, shuka kambini. Na kabla Gideoni hajafungua mdomo, akaongeza: kama unaogopa kushuka, nenda na Pura, mtumishi wako. Someni Waamuzi 7:10 polepole, kisha mstari wa 11. Gideoni alishuka na Pura. Kwa hiyo aliogopa! Watu 22,000 wameruhusiwa kurudi kwa sababu wanatetemeka, kumbe na kiongozi wao anatetemeka. Lakini yeye hakuambiwa arudi kwao Ofra. Alipewa mtu wa kushuka naye.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo ninapoona makanisa yetu yanawaumiza watu. Tunafundisha kwamba mwenye imani haogopi. Tunakwenda kwa mgonjwa, tunakwenda kwa mjane, tunasema "usiogope, mtumaini Bwana", tunaomba, tunaaga. Yule mtu anabaki na hofu yake ile ile, na sasa ana aibu ya kuogopa juu yake. Mungu hakumfanyia Gideoni hivyo. Aliijua hofu yake, akaitaja bila kumkemea, akamtafutia mwenzake.

Na Pura alifanya nini? Jina lake limetajwa katika mistari hiyo miwili tu. Hatusomi kwamba alitoa ushauri, wala kwamba alihubiri. Alishuka. Wakafika ukingoni mwa kambi, wakamsikia askari wa adui akimsimulia mwenzake ndoto: mkate wa shayiri umebingirika hadi kambini, umeipiga hema, hema imeanguka. Na yule mwenzake akajibu kwamba huo ni upanga wa Gideoni. Kumbe huku bondeni nako watu hawalali kwa hofu! Hilo Gideoni asingelijua kama angebaki mlimani akihesabu ngamia. Akasujudu pale pale, akarudi kwa watu wake, akawaambia inukeni.

Sisi wa Masasi tuna habari yetu katika jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakaanza kutembea kuja bara. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao, kuelekea Ziwa Nyasa. Hebu wafikirieni. Wengi wao waliwahi kushushwa pwani wakiwa wamefungwa, wanauzwa. Sasa wanaelekea bara tena, na biashara ya watumwa bado haijafa. Walipofika chini ya majabali haya yetu wakaomba wabaki hapa, wakajenga. Mwaka 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakawavamia, wakaua, wakateka, na kijiji kikatawanyika. Wamisionari wakahamishia kituo Newala. Sitaki kuisimulia habari hii kana kwamba imani iliwakinga na kila kitu. Haikuwakinga. Lakini kanisa lilirudi Masasi, na mwaka 1926 likawa dayosisi. Na mmoja wa waliokuwa watumwa, Cecil Majaliwa, alipewa upadri Zanzibar mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akafanya kazi miaka mingi kule Chitangali. Watu wale walikuja kwa kundi, wanaume kwa wanawake. Sidhani kama mtu mmoja mmoja angeweza kuirudia njia ile.

Sasa nije kwa mama mmoja wa hapa kwetu, ambaye ameniruhusu nimseme bila kumtaja jina. Alifiwa na mumewe. Kabla ya msimu wa korosho wapwa wa marehemu wakaja kudai mikorosho, wakisema ni ya mjomba wao. Mikorosho ile mama aliipanda pamoja na mumewe, kaipulizia salfa kwa mikono yake mwaka hadi mwaka. Akaitwa baraza la kata. Alisali sana, na bado usiku wa kuamkia siku hiyo hakula. Asubuhi akina mama wawili wa jumuiya yake walimfuata nyumbani. Mmoja alibeba mfuko wa nailoni wenye stakabadhi za mauzo za miaka ya nyuma. Mwingine hakubeba kitu. Barazani alikaa naye benchi moja, na mama alipoitwa kusema, karatasi zikimtetemeka mkononi, yule mwenzake alisimama naye, akamshika pindo la khanga mpaka alipomaliza. Mama alisema yote aliyokuwa nayo. Shauri halijaamuliwa.

Najua mtu ataniuliza: na asiye na Pura je? Wapo watu ambao wenzao waliwakimbia. Swali hilo ni zito, nami nalijibu kwa Gethsemane. Mathayo 26 inasema Yesu aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye. Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba kuwa na watu karibu! Wakalala. Akaenda msalabani peke yake. Kwa hiyo wewe uliyeachwa, Bwana wako anaijua hali hiyo kwa mwili wake, na ndiye aliyeahidi kuwa pamoja nasi siku zote. Lakini ahadi hiyo isitupe ruhusa ya kulala, sisi tulioombwa kukesha.

Baraza linakaa tena Jumanne saa tatu asubuhi. Wale akina mama wawili watakwenda, ila mmoja wao ana mtoto mgonjwa na huenda akashindwa. Wazee wa kanisa, nitawaomba majina ya watakaokwenda kabla hatujatoka humu ndani. Si lazima mjue sheria ya mirathi. Benchi lile ni refu.