Babu na bibi wakija Marekani mwezi wa kumi: safari ya gari kutoka Columbus hadi Minneapolis

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za huko nyumbani. Leo naongea na nyinyi mnaojiandaa kupanda ndege kuja kuona wajukuu, na vilevile watoto wenu huku watakaoshika usukani. Familia nyingi za kwetu zimetawanyika: dada yuko Columbus, Ohio, kaka yake yuko Minneapolis, Minnesota. Mzee akishatua kwa mmoja, lazima atataka kumwona na mwingine. Ndege zipo, ila gari linampa nafasi ya kuiona nchi, na Oktoba miti imegeuka myekundu na ya manjano njia nzima. Safari hii ni nzuri ikipangwa kwa kufuata mwili wa mzee. Ikipangwa kwa kufuata haraka za dereva, inaharibika mapema.

Tuanze na njia. Ramani ya simu kwa kawaida itakupitisha Chicago, kama kilomita 1,240. Nawashauri muikwepe. Shika barabara kuu ya I-70 hadi Indianapolis, ingia I-74 hadi Bloomington, Illinois, halafu I-39 kwenda kaskazini hadi Rockford na Madison, umalizie na I-94. Unaongeza kama kilomita 80, lakini foleni ya Chicago unaiacha mbali. Foleni kwa kijana ni kero tu, ila kwa mzee aliyebanwa na haja ndogo, na hakuna pa kuchepukia, ni mateso. Barabara za kulipia pia zinapungua, ingawa kipande kifupi baada ya Rockford bado kina malipo. Illinois hawapokei pesa mkononi: kamera inapiga picha namba ya gari, na unalipa mtandaoni ndani ya siku 14. Kama gari ni la kukodi, uliza kabisa kabla ya kuondoka malipo hayo yanakatwaje, maana kampuni nyingi huongeza ada yao juu.

Msiende kwa siku moja. Columbus hadi Bloomington ni kilomita 555 hivi, inatosha, laleni hapo. Siku ya pili mnaweza kufika Minneapolis, lakini ni zaidi ya kilomita 750. Kwa mzee aliyevuka miaka 75, au mwenye magoti mabovu, lipieni usiku wa pili Madison. Hiyo hela ya hoteli haijapotea.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mambo huharibikia. Wazee wetu wengi hawapendi kusumbua. Wakijua safari ni ndefu wanaacha kunywa maji, na wengine wanaruka kidonge cha presha kile kinachokojoza, ili dereva asisimame kila mara. Presha inapanda, mwili unakauka, na mtu aliyekaa zaidi ya saa nne bila kutembea yuko kwenye hatari ya damu kuganda miguuni. Basi mtoto usimuulize mama, "Unataka choo?" Atakwambia hapana. Wewe simama tu kila baada ya saa moja na nusu au mbili, shuka wa kwanza, mfungulie mlango, tembeeni dakika kumi. Njiani kuna maeneo ya kupumzikia yameandikwa REST AREA, vyoo vyake ni bure, ila mengi hayauzi mafuta. Ndani ya gari mzee achezeshe vifundo vya miguu, vidole juu, vidole chini, mara ishirini ishirini. Na muda wa kile kidonge mjadiliane na daktari wake kabla hajaondoka nyumbani. Msiamue wenyewe.

Dawa zote zije kwenye makasha yake, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa kwa Kiingereza. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti. Mwenye sukari anayechoma insulini asiiache garini usiku, kwa sababu baridi ya huku inaweza kuigandisha, na iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka.

Gari lenyewe liwe la kimo cha kati, na kama ni la kukodi chukueni lile la familia lenye mlango wa kusukuma pembeni. Mzee asitangulize mguu. Asimame akiipa siti mgongo, akalie kwanza, kisha azungushe miguu yote miwili kwa pamoja. Akiwa na gauni refu au kanga, mshikilieni pindo lisinase mlangoni. Koti zito livuliwe kabla ya kufunga mkanda, kwa sababu juu ya koti mkanda unakaa legelege. Upite kwenye nyonga, chini ya tumbo. Kanga au kitenge cha kujifunika mapajani kinatosha, hita itafanya kazi iliyobaki.

Kabla ya kutoka pimeni upepo wa tairi asubuhi, zikiwa baridi. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6, tairi inapungua kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi), ndiyo maana taa ya tairi huwaka kwenye dashibodi alfajiri ya Oktoba bila pancha yoyote. Jazeni kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Na muwe mmefika hotelini kabla ya jua kuzama. Oktoba na Novemba kulungu wako kwenye msimu wa kupandana, wanakatiza barabara alfajiri na jioni. Ukimwona mmoja, punguza mwendo, wengine wako nyuma yake. Shika breki, usimkwepe kwa kukata usukani.

Wageni mtembee na pasipoti na nakala ya fomu ya I-94 (rekodi ya kuingia nchini, si ile barabara), ambayo inachapishwa bure kwenye tovuti ya idara ya forodha na mipaka. Tarehe ya mwisho ya kukaa ni ile ya kwenye fomu, si ya viza. Polisi akisimamisha gari, babu usishuke kumsalimia. Kwetu ni heshima, huku inamtia askari wasiwasi. Kaa, mikono ionekane, mwache dereva aongee. Bima ya afya ya mgeni nunueni kabla ya ndege, maana Medicare, bima ya serikali ya wazee wa huku, haiwahusu.

Mkifika Minneapolis, mtaa wa Cedar-Riverside una Wasomali wengi, sambusa na chai ya viungo hamtazikosa.

Na nyinyi mliobaki nyumbani, msikeshe mkisubiri simu. Wakiingia Illinois saa inarudi nyuma moja, kwa hiyo Minneapolis iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa nane, na tisa kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wakifika saa 12 jioni, kwenu ni saa 8 usiku. Waambieni watume ujumbe wa sauti, mtausikia asubuhi.